Nyuma ya karatasi: uchambuzi wa kisa cha familia iliyoskani hati za marehemu nyumbani

Usuli

Kisa hiki ni cha familia ya watu watatu: mama aliyefiwa na mumewe, binti yake mkubwa, na kijana wake wa mwisho. Majina, taasisi na tarehe vimeondolewa. Mpangilio wa matukio umebaki ulivyokuwa.

Baba aliacha kabati lenye hati za kazi ya zaidi ya miaka 30: barua za ajira na za kupandishwa cheo, stakabadhi za michango, hati za mkopo aliokwisha kuulipa, vyeti, na risiti za matibabu ya miezi yake ya mwisho. Zote kwa pamoja zilikuwa karatasi mia nne na ushei. Mfuko wa pensheni uliokuwa ukishughulikia mafao yake uliitaka familia itume vielelezo kupitia mfumo wa mtandaoni kwa masharti matatu: kila kiambatisho kiwe PDF, kisizidi MB 2, na maandishi, sahihi na mihuri visomeke.

Sharti la kwanza na la pili hukaguliwa na mashine, na kila mtu huhangaika nayo. La tatu hukaguliwa na binadamu, baadaye, wakati mtumaji ameshajipongeza. Hilo la tatu ndilo lililoitesa familia hii. Mimi kazi yangu ni utunzaji wa kumbukumbu, nikaitwa baada ya maombi yao kurudishwa mara mbili.

Raundi ya kwanza: simu

Kijana ndiye aliyeanza. Usiku, chini ya taa moja ya dari, alizitandaza hati mezani akazipiga picha kwa simu, kisha akatumia amri ya kuchapa iliyomo humo kuzigeuza kuwa PDF. Kila ukurasa ukawa na MB 4 hadi 5, na mfumo ukazikataa zote. Akatafuta tovuti ya bure ya kubana faili, akapakia humo kila kitu, pamoja na kitambulisho cha marehemu na barua zenye namba za akaunti ya benki. Faili zikarudi ndogo, mfumo ukazipokea, na baada ya muda yakaja majibu kwamba baadhi ya viambatisho havisomeki.

Nilipozifungua niliona kwamba kamera haikuwa na kosa. Kamera ya megapikseli 12, karatasi ya A4 ikijaza picha nzima, inatoa takriban nukta 340 kwa kila inchi, yaani dpi 340, na dpi 300 ndicho kiwango kinachotumika sana kwa hati za maandishi. Lakini kijana alipiga akiwa amesimama wima, karatasi ikachukua kama nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha. Hapo tayari tumeshuka hadi dpi 170 hivi. Ongeza kivuli cha mkono wake kilicholala juu ya mistari ya katikati, na mtikisiko mdogo unaokuja mwanga ukiwa hafifu kwa sababu kamera hukaa wazi muda mrefu zaidi. Tovuti ya kubana ilipofika ilikuta picha ambayo haikuwa na akiba yoyote ya kupoteza. Tarakimu 3, 8 na 6 zikawa madoa yanayofanana.

Kuna imani moja niliyoikuta kwa kijana na ninaikuta kwa watu wengi: kwamba hati ikishakuwa PDF imekuwa rasmi, imekuwa safi. PDF, tangu Adobe ilipoitoa mwaka 1993 hadi ilipokuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, ni chombo cha kubebea kurasa. Ukiweka ndani yake picha mbaya, utafungua picha mbaya.

Raundi ya pili: skana

Binti akaichukua kazi. Nyumbani walikuwa na printa yenye skana ya kioo na trei ya juu inayovuta karatasi zenyewe. Baada ya yaliyotokea alikuwa na hofu moja, ukubwa wa faili, na hofu hiyo ikaamua kila kitu: nyeusi na nyeupe, dpi 200, upande mmoja. Karatasi zikapita haraka. Kila ukurasa ukatoka na makumi machache tu ya KB, herufi nyeusi ti juu ya weupe usio na doa. Kwa kuangalia juu juu, zilipendeza kuliko hati zenyewe.

Hasara zilikuwa zimejificha humo humo ndani ya usafi. Mihuri myekundu iliyofifia ilibaki vipande vya duara visivyo na maandishi. Namba ya uanachama iliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa barua ya ajira ilitoweka kabisa. Trei ilivuta karatasi mbili kwa pamoja zaidi ya mara moja, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyehesabu. Barua moja ya zamani, karatasi nyembamba ya taipureta, ilichanika. Mstari mwembamba ulishuka kutoka juu hadi chini katika kurasa nyingi, kwa sababu ya vumbi kwenye kile kipande chembamba cha kioo ambacho karatasi za trei hupita juu yake. Watu husafisha kioo kikubwa na kukisahau hiki.

Mfuko ukarudisha maombi kwa mara ya pili. Safari hii sababu ilikuwa nzito zaidi: hapakuwa na uthibitisho kwamba mkopo umelipwa, kwa hiyo deni lingekatwa kwenye mafao.

Wakati huo kijana alikuwa ameshapendekeza karatasi zichomwe. "Dada, si tumeshaziskani? Zinakula nafasi bure." Mama ndiye aliyekataa. "Hakuna karatasi ya baba yenu itakayochomwa kabla sijaiona mbele na nyuma." Akaanza kuzipitia, moja baada ya nyingine, na nyuma ya barua ya mkopo akakuta mistari mitatu ya mkono: tarehe ya malipo ya mwisho, sahihi ya ofisa, na muhuri. Uthibitisho uliokuwa ukitafutwa ulikuwa ndani ya nyumba muda wote, upande ambao skana haikuonyeshwa.

Kauli ya mama ndiyo iliyookoa kisa hiki. Hajui dpi ni nini, wala hakuhitaji kujua. Alijua kwamba karatasi ina pande mbili.

Maamuzi ya raundi ya tatu, na sababu zake

Kabla ya kuwasha skana tulifanya kazi ya mezani tu. Karatasi zote zilitolewa pini za stepla na vibanio, zikanyooshwa, zikagawanywa. Hatukuzigawa kwa mwaka wala kwa mada, ambavyo ndivyo mtu hufikiria kwanza. Tulizigawa kwa swali moja: ni kitu gani kwenye karatasi hii ambacho mtu wa mwisho atataka kukiona? Kwa karatasi nyingine jibu ni maneno tu. Kwa nyingine ni muhuri, sahihi ya wino wa buluu, alama ya penseli, au maandishi ya nyuma. Jibu hilo ndilo lililochagua mpangilio wa skana.

Chochote chenye muhuri, sahihi au mwandiko kiliskaniwa kwa rangi, dpi 300, pande zote mbili, hata upande wa pili ulipoonekana mtupu. Barua zilizochapwa tu, zisizo na alama yoyote, zilikwenda kwa rangi ya kijivu. Mpangilio wa nyeusi na nyeupe hatukuutumia hata kwa karatasi moja.

Binti aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kama hatutarudi kwenye tatizo la MB 2. Hesabu yenyewe iko hivi. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 ni pikseli, yaani nukta za picha, 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Kwa rangi kila pikseli inachukua baiti 3, kwa hiyo ukurasa mbichi ni kama MB 26. Kwa kijivu ni baiti moja, MB 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe pikseli nane zinaingia kwenye baiti moja, MB 1.1 hivi. Tofauti ni kubwa, ila hizo ni namba za kabla ya kubanwa. Ubanaji wa JPEG, njia ya kawaida ya kupunguza ukubwa wa picha, wa kiwango cha wastani ulizishusha kurasa zao nyingi za rangi hadi chini ya MB 1. Na palipokuwa na hati ya kurasa nyingi iliyovuka kikomo, tuliamua jambo ambalo naliona kuwa uamuzi bora wa kazi nzima: kuwa na nakala mbili tofauti. Moja ni nakala mama, dpi 300, isiyoguswa. Nyingine ni ya kutuma, iliyotengenezwa kutoka kwa nakala mama na kushushwa hadi dpi 200, ambayo ina chini ya nusu ya pikseli za awali. Mfumo ukibadilisha kikomo kesho, nakala ya kutuma inatengenezwa upya bila kugusa karatasi.

Karatasi nyembamba na zilizochakaa hazikupita kwenye trei. Zililazwa kwenye kioo, na nyuma yake tukaweka karatasi nyeusi. Watu hushangaa kuambiwa nyeusi, maana kifuniko cha skana ni cheupe. Sababu ni kwamba weupe wa kifuniko unarudisha mwanga kupitia karatasi na kuleta maandishi ya upande wa pili yaonekane kama kivuli. Weusi unaumeza mwanga huo. Picha inatoka na ukijivu kidogo, lakini maneno ya upande mmoja hayachanganyiki na ya upande mwingine.

Simu haikutupwa. Kitabu kidogo cha kumbukumbu za michango kilikuwa kimeshonwa kwa namna ambayo kukilaza kwenye kioo kungevunja mgongo wake. Hicho tulikipiga kwa simu, mchana, karibu na dirisha lakini nje ya jua la moja kwa moja, simu ikiwa imesimamishwa juu ya rundo la vitabu ili isitikisike, ukurasa ukijaza picha. Tulitumia programu ya kuskani iliyomo kwenye simu kunyoosha kingo, na tukazima kichujio chake cha kung'arisha. Kichujio hicho hufanya kosa lile lile la nyeusi na nyeupe kwa heshima zaidi: hung'arisha mandharinyuma, na penseli hafifu inakwenda pamoja na uchafu.

Majina ya faili yalianza na tarehe ya hati kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha aina ya hati. Kompyuta hupanga kwa herufi, kwa hiyo majina ya namna hiyo hujipanga yenyewe kwa wakati. Hapa hakuna la kujadili sana.

Baada ya hapo faili zilipitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi. Walitumia Tesseract, ambayo ni ya bure, inafanya kazi ndani ya kompyuta bila kutuma kitu nje, na ina data ya Kiswahili. Programu ya namna hii huweka tabaka la maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha, hivyo unaweza kutafuta neno "mkopo" na kuzipata kurasa zake zote. Niliwasihi jambo moja: wasinakili namba yoyote kutoka kwenye tabaka hilo. 0 inasomwa kuwa O, 5 kuwa S, 1 kuwa l, na mwandiko wa mkono haupatikani kabisa. Ni njia ya kutafutia. Ushahidi unabaki kuwa picha.

Ukaguzi

Hapa ndipo muda mwingi ulipokwenda, na ningependa msomaji naye atenge muda wake mwingi hapa.

Mama alishika karatasi, binti akasoma skrini. Kwa kila hati walilinganisha mambo matano: jina, tarehe, namba zote, sahihi, muhuri. Kila rundo lilihesabiwa karatasi kabla ya kuskaniwa na kurasa baada ya kuskaniwa. Karatasi 40 zenye pande mbili lazima zitoe kurasa 80. Zikitoka 78, trei imevuta mbili pamoja, na rundo linarudiwa. Karatasi haikurudi kwenye bahasha kabla ya kukaguliwa, kwa sababu ikisharudi hakuna mwenye nguvu ya kuitoa tena.

Kijana aliona huu ni uangalifu uliopita kiasi. Alisema kama ukurasa unasomeka vizuri kwenye skrini, kuna haja gani ya kuulinganisha na karatasi? Nilimsimulia kisa cha mwaka 2013. David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za ofisini za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu kwenye hati zilizoskaniwa. Kwenye ramani ya nyumba, chumba kilichoandikwa 21.11 kilitoka kimeandikwa 14.13. Tarakimu hazikuwa na ukungu wala doa. Zilikuwa kali na safi, ila hazikuwa zenyewe. Chanzo kilikuwa ubanaji unaoitwa JBIG2, ambao hutafuta vipande vinavyofanana kwenye ukurasa na kutumia kimoja mahali pa vingine. Xerox ilitoa marekebisho. Kinachobaki cha kujifunza ni kwamba kusomeka na kuwa sahihi ni mambo mawili, na la pili haliwezi kujulikana bila karatasi mkononi.

Matokeo

Maombi yalipokelewa. Deni la mkopo liliondolewa baada ya ukurasa wa nyuma kutumwa ukiwa na muhuri unaosomeka. Barua iliyochanika iliunganishwa kwenye kioo bila gundi, vipande vikilazwa vizuri, ikaskaniwa, na mfuko ukaikubali.

Risiti za matibabu hazikuwa na bahati hiyo. Zilikuwa zile za mashine, za karatasi inayochapwa kwa joto badala ya wino. Nyingi zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya mifuko ya plastiki, na kemikali za plastiki laini huharakisha kufifia kwa karatasi ya aina hiyo. Baadhi tuliziokoa kwa kuziskani kwa rangi na kuongeza utofauti wa weusi na weupe kwenye nakala ya kutuma. Zilizokuwa nyeupe kabisa hazikurudi. Binti alikuwa amefikiria kuzifunika kwa plastiki ya moto ili zisiharibike zaidi, na nashukuru hakuwahi: joto lile lile linalochapa herufi lingeifanya risiti nzima kuwa nyeusi.

Uchambuzi: palipofaulu na palipoharibika

Raundi mbili za kwanza zilishindwa kwa sababu moja, ingawa vifaa vilikuwa tofauti. Kila mmoja aliachia sharti la mashine liamue ubora wa nakala. Kijana alipambana na muundo wa faili, binti akapambana na ukubwa. Hakuna aliyeiangalia hati na kujiuliza inathibitisha nini. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaosikika mara kwa mara kwamba mtu anunue skana bora. Raundi ya tatu ilitumia skana ile ile.

Nyeusi na nyeupe inastahili neno zaidi, kwa kuwa hudanganya watu waangalifu. Katika mpangilio huo skana huamua kwa kila pikseli kama ni nyeusi au nyeupe, kwa kulinganisha na kizingiti, yaani kiwango cha weusi kilichowekwa kuwa mpaka. Wino mzito unavuka kizingiti, penseli na muhuri uliofifia havivuki. Hakuna hatua ya katikati, na kilichoachwa hakiwezi kurejeshwa baadaye kwa programu yoyote kwa sababu hakikuwahi kuingia kwenye faili. Ukiskani kwa rangi au kijivu, unaweza kutengeneza nyeusi na nyeupe wakati wowote. Kinyume chake hakiwezekani.

Jambo lililonisikitisha kuliko yote halikuathiri maombi hata kidogo. Kitambulisho na namba za benki za marehemu zilipakiwa kwenye tovuti ambayo familia haimjui mwenye nayo, na kilichopakiwa hakirudi. Kubana PDF ni kazi ambayo kompyuta ya nyumbani inaiweza peke yake. Programu ya bure kama NAPS2 huskani, huunganisha na kupunguza ubora bila mtandao kuhusika. Familia iliarifu benki. Vilevile binti alikuwa ameficha namba za akaunti katika barua moja kwa kuchora kisanduku cheusi juu yake ndani ya programu ya PDF. Kisanduku cha namna hiyo mara nyingi hukaa juu tu ya maandishi. Mpokeaji anaweza kuyachagua na kuyanakili yaliyo chini yake. Tuliirudia kwa njia ambayo mtu yeyote anaiweza: kuchapa nakala, kufunika kwa kipande cha karatasi, kuskani upya.

Kwa nakala mama walichagua PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhia ya muda mrefu iliyowekewa kiwango cha ISO mwaka 2005, ambayo hubeba ndani yake kila kinachohitajika kuifungua. Lakini PDF/A hairuhusu faili kufungwa kwa nenosiri, na hili liliibua mabishano ya kweli kati ya binti, aliyetaka kila faili ifungwe, na kijana, aliyeogopa kwamba siku moja nenosiri litasahaulika. Walikubaliana kuiacha faili wazi na kuifunga diski yenyewe kwa usimbaji, yaani yaliyomo hayasomeki bila nenosiri. Diski ziko mbili, ya pili ikikaa kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Nenosiri limeandikwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo iko kwa mama.

Hati asili hazikuchomwa. Kwa vyeti, hati za umiliki na wosia, skani ni msaada wa kutafuta na kinga dhidi ya moto. Taasisi inaweza bado kudai karatasi yenyewe, na mtaalamu anayechunguza sahihi huangalia mgandamizo wa kalamu, ambao picha haibebi. Barua za kawaida zingeweza kupunguzwa, na niliwaambia hivyo. Mama hajaamua. Mwaka mmoja wa michango bado hauna stakabadhi, na anaamini iko mahali fulani kati ya karatasi ambazo hazikuwa kabatini, kwenye vitabu vya marehemu. Anavifungua kimoja kimoja.